Kituo cha Mama Anzisha

Kanisa lile lilikuwa na ugonjwa wake, na wenyewe walikuwa wameshauzoea hata hawakuuona tena. Wimbo wowote, uwe wa furaha uwe wa majonzi, ukifika ubeti wa mwisho, kabla ya mstari wa mwisho, kanisa zima lilinyamaza. Kimya! Watoto kimya, wazee kimya, hata yule shemasi anayesinzia tangu tangazo la kwanza alikoma kukoroma. Halafu sauti moja ya mwanamke ilitoka mbele, upande wa dirisha, ikautoa ule mstari, na wote wakaupokea na kuumaliza pamoja.

Mgeni ole wake. Mgeni alisonga mbele peke yake, akashtukia sauti yake imebaki uchi mbele za watu, akajitia kukohoa. Na vijana waliohama kutafuta maisha walirudi likizo wakilalamika. Huko walikohamia, kila wimbo ulipokaribia kuisha wao walifunga mdomo na wenzao wakaendelea, basi wakaonekana watu wasiojua hata nyimbo. "Mmetuharibu," walisema, na wazazi wao wakacheka.

Watu waliita mahali pale kituo. Na mwenye kituo alikuwa Mama Anzisha, aliyepewa jina hilo kwa sababu ndiye aliyeanzisha nyimbo tangu enzi ambazo kanisa halikuwa na kinanda wala spika, enzi ambazo asipoanza yeye hakuna anayeanza. Ukimuuliza kwa nini watu wasimame pale, alikujibu, "Huo ndio mtindo wetu," akakugeuzia mgongo. Mama yule, ukimgusa kituo chake umegusa mboni ya jicho.

Basi Mama Anzisha akafa. Alianguka uani akianika mashuka, na mpaka wanamfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Hakuugua, hakuaga, hakuacha wosia. Mashuka mengine walioyakuta kwenye beseni ni majirani, wakayaanika wakilia.

Binti yake mkubwa, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, hakupata hata nafasi ya kulia vizuri. Nani atalia huku anaulizwa sufuria kubwa liko wapi, viti vitatosha, nani atakwenda kwa mchungaji? Alikuwa akihesabu vikombe jikoni alipoitwa chumbani kwa baba yake.

Baba yake alikuwa ameketi kitandani, upande wake ule ule, ule mwingine hakuugusa.

"Ke...sho," alisema. Alisubiri neno la pili lije. "Nita...mu...imbia. Wimbo... wake. Mpaka... mwisho."

"Sawa, baba," Fundi alisema. Lakini moyo ulimdunda.

Wewe unayesikia huenda huelewi kwa nini umdunde. Ngoja nikueleze.

Mzee yule zamani alikuwa dalali wa mnada. Na si dalali wa kubahatisha, dalali kweli kweli! Alisimama juu ya meza sokoni akauza kabati bovu, na aliyelinunua akaenda nalo nyumbani akijiona mjanja. Maneno yalimtoka mdomoni yakikanyagana. Watu walikwenda mnadani bila nia ya kununua kitu, wakaenda tu kumsikiliza, wakarudi mbavu zikiwauma na godoro begani. Mke wake alisema alikubali kuolewa naye kwa ajili ya mdomo ule, na kwa ajili ya mdomo ule ule angemwacha.

Kisha kikaja kiharusi. Mkono na mguu vilirudi kwa kiasi, taratibu, lakini ulimi uligoma. Neno lilimtoka moja, ukangoja, likaja jingine. Yule aliyekuwa akimaliza mnada kabla chai haijapoa, sasa alihitaji muda ule ule kuomba chumvi. Watu wema wakaanza kummalizia sentensi zake, na hakuna kilichomkera kama hicho.

Jumapili ya kwanza kurudi kanisani aliimba kwa nguvu zake zote. Beti za mwanzo walimwacha nyuma, akaruka maneno, akadandia katikati, hakujali. Lakini mwisho wa wimbo hauna pa kudandia. Kanisa lilimaliza, watu wakaketi, na sauti ya dalali ikabaki imesimama peke yake, ikiburuta maneno yaliyosalia. Watoto wakacheka. Watu wazima wakatazama chini, na hilo likamuuma kuliko kicheko cha watoto. Miezi ikapita hajakanyaga tena pale. Alisema mguu unamsumbua. Mguu gani, na sokoni alikuwa akienda!

Ndipo mkewe alipoanza kituo. Hakumwomba mtu, hakumweleza mtu. Jumapili moja tu alifika kabla ya mstari wa mwisho akafunga mdomo, na kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba wimbo, kanisa likafunga mdomo pamoja naye, likidhani amekwama. Akafanya hivyo Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, mpaka ikawa ndiyo desturi. Kisha akarudi nyumbani akamwambia mumewe, "Siku hizi tunaimba kwa mtindo mpya, wa kutulia. Njoo usikie." Alisimama pale dirishani, upande upande, macho yakiwa kwa mumewe. Alipoona midomo ya mumewe imefika na kufunga, ndipo alipotoa mstari wa mwisho, na aliuvuta neno kwa neno, ili yule mzee atue pamoja na watu wote.

Na mzee akatua. Wacha afurahi! Alitoka kanisani siku hiyo akitembea kwa maringo. Akamwambia bintiye, "Ku...ongea... nime...shindwa. Kuimba... bado." Alisema hivyo kwa wageni pia, kwa majirani, kwa daktari. Hicho ndicho alichobakiwa nacho kutoka kwenye ule mdomo wake wa zamani.

Fundi peke yake ndiye aliyejua, kwa kuwa alimwona mama yake akifanya mazoezi jikoni, akiimba polepole huku akichagua mchele, akisikiliza sauti ya mumewe kutoka sebuleni. Mama yake alimshika kwa mkono wenye unga wa mchele akamwambia, "Hili likikutoka mdomoni, baba yako hataimba tena maisha yake." Nalo halikuwahi kumtoka.

Sasa mwenye kituo alikuwa kwenye jeneza, na kesho yake wimbo ungekuwa mikononi mwa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu msafi, mtu wa saa, mwenye kinanda cha betri na masikio yanayosikia sauti iliyopotea hata ikijificha nyuma ya safu. Tangu aje alikuwa akiifundisha kwaya kupita pale bila kusimama. Yeye na Mama Anzisha walikuwa wakivutana kila wiki.

"Mama, wimbo hauna kituo pale."

"Wimbo hauna. Sisi tunacho."

Walitaniana, lakini kila mmoja alikaza kamba yake. Kwaya ikiimba peke yake, hakuna kituo. Kanisa likiimba, kipo. Walikuwa wamegawana hivyo kama majirani waliogawana uzio.

Fundi alimkuta kibandani kwake, mashine ikinguruma kwenye kisogo cha mteja. Kinyozi aliizima, akampa pole kwa mikono miwili, akamfutia kiti nywele.

"Mwalimu," Fundi alisema, "nimekuja kwa ajili ya ule wimbo wa makaburini. Naomba kesho msimame pale kwenye kituo."

Kinyozi alishusha pumzi. "Dada yangu. Kesho kuna kwaya mbili za wageni zitaimba nasi. Wao hawana habari na kituo. Sisi tukisimama wao wakaenda, si itakuwa vurugu juu ya kaburi la mama? Nimewafundisha watu wangu wiki nzima hii tupite moja kwa moja, tumuage mama kwa heshima."

"Waambie na wageni wasimame."

"Nitawaambia kwa sababu gani?"

Hapo ndipo Fundi alipokwama. Alifungua mdomo. Na mteja aliyekuwa chini ya shuka, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, akageuza shingo ili asikie vizuri. Loo! Kati ya vichwa vyote mtaani, kichwa kile kilikuwa cha mtu waliyempachika jina la Spika. Ukimwambia Spika jambo saa ya chai, kufikia chakula cha mchana unasimuliwa wewe mwenyewe, tena limeongezwa chumvi.

"Ni... mama alipenda," Fundi alisema.

"Alipenda, najua. Tulibishana sana, Mungu amrehemu." Kinyozi alitabasamu kwa huzuni ya kweli, kwa maana alimpenda yule mama. "Lakini lile lilikuwa kosa, dada. Nasi hatuwezi kumzika mama pamoja na makosa yake. Niambie sababu moja ya maana, nitawasimamisha wote mimi mwenyewe."

Fundi aliitazama mashine, akautazama mgongo wa Spika, uliokuwa umetulia kuliko mgongo wa mtu anayenyolewa. Hata Spika asingekuwapo, je? Kinyozi angeambiwa, angeiambia kwaya, kwaya ingewaambia wake na waume zao. Na kesho wimbo ungefika kituoni watu wote wakamgeuzia mzee macho ya huruma. Huko si kumsaidia, huko ni kumrudisha Jumapili ile ya kicheko.

"Sina sababu," alisema, akaondoka. Njiani alilia kwa mara ya kwanza, alilia kwa hasira, akimlaumu mama yake aliyemwachia mzigo asioweza kuutua wala kuubeba.

Ungesema, si aanzishe yeye mwenyewe? Aa, hapo hujaisikia sauti ya Fundi. Familia nzima ni ya waimbaji, yeye alirukwa. Alipokuwa mdogo alijaribu kuingia kwaya ya watoto, mama yake akamkumbatia akamwambia, "Mwanangu, wewe utamsifu Mungu kwa sindano." Ikawa mzaha wa nyumbani. Majoho yote ya kwaya aliyashona yeye, na kanisani aliimba midomo tu, bila sauti, kwa adabu.

Nyumbani alimkuta baba yake amevaa viatu vya kesho, anavizoea. Alikuwa akiimba peke yake, dirisha wazi.

"Nimetoka... mbali... Bwana..."

Fundi alisimama mlangoni. Alikuwa amejiandaa kumwambia: baba, kesho usiimbe, utachoka, jua kali, acha watu wakuimbie. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Mzee akageuka akamwona, akanyoosha kidole cha mkono wake mzima.

"Sikiliza. Sija...sahau... hata... moja."

"Nakusikia, baba," Fundi alisema, akaketi sakafuni akamfungua kamba za viatu.

Kesho yake kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Wasifu wa marehemu ulisomwa na shangazi, dada wa mzee, kwa sauti ya mtu aliyekatazwa kulia. Alizaliwa, alisoma, aliolewa, akajaliwa watoto. Alifua vitambaa vya meza ya Bwana miaka na miaka bila kuombwa. Alikuwa mkali kwa watoto waliochezea viti na alikuwa na pipi kwenye mkoba kwa watoto hao hao. Mchungaji akasimama akaongeza kwamba marehemu alitufundisha kutulia, "maana hata mimi nilipokuja hapa nilinaswa kituoni mara tatu." Watu wakacheka wakilia. Mzee naye alicheka, akitikisa kichwa, mtu aliyesifiwa mke wake. Kwenye kiti chake Fundi alikuwa ameifinya leso mpaka vidole vikamuuma. Kila aliyesimama alimsimulia mama yake vizuri, na hakuna hata mmoja aliyelisema lile jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, wala yeye hakuthubutu.

Wakaenda makaburini. Udongo ulikuwa mwekundu, umerundikwa pande mbili. Kwaya tatu zilipangwa upande mmoja, na Kinyozi akakiweka kinanda chake juu ya kibao alichokuja nacho. Mzee alisimamishwa kichwani mwa kaburi, Fundi amemshika kiwiko. Jeneza likashuka. Mchungaji akatoa ishara, na Kinyozi akabonyeza.

Waliimba vizuri, sitaki kudanganya. Wageni walileta besi nzito, kwaya ya nyumbani ikapanda juu yake, na watu wote wa kanisa wakaingia. Mzee aliimba. Ubeti wa kwanza walimwacha, akadandia. Wa pili hivyo hivyo. Fundi aliyasikia maneno yake yakija nyuma ya ya wengine, moja, moja, na kila mstari uliopita ulimsogeza karibu na pale anapopaogopa. Alikaza mkono kwenye kiwiko cha baba yake. Ubeti wa mwisho ukaanza.

Sasa, Kinyozi aliwafundisha watu wake vizuri. Lakini aliwafundisha wakiwa ukumbini, macho makavu, hawajaliona lile jeneza chini ya shimo. Huzuni ilipowakaba, mafunzo ya wiki yaliyeyuka, wakarudi kwenye kile walichokizoea Jumapili zote. Mstari wa tatu ulipoisha, wakafunga midomo. Kwaya yote ya nyumbani. Akina mama wote, wazee wote, Spika na kichwa chake kinachong'aa, wote. Wageni walitoa neno moja wakapigwa na butwaa, wakanyamaza. Kinanda kilitangulia kidogo peke yake, kisha Kinyozi naye akainua mikono.

Kimya.

Katika kimya hicho Fundi alimsikia baba yake akiumaliza mstari wa tatu, neno kwa neno, bila haraka, mtu asiye na shaka kwamba atangojwa. Alifika. Midomo yake ikafunga. Akainua kichwa akatazama mbele, kungojea.

Na wote walikuwa wanangojea. Hapo ndipo walipoing'amua hali yao. Walizoea kusimama pale, hawakuzoea kuondoka pale. Aliyekuwa akiwatoa alikuwa amelala chini ya miguu yao. Umati mzima ulisimama juu ya kaburi, midomo imefungwa, ukimngojea marehemu autoe mstari wa mwisho, na marehemu hakuutoa. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa kwikwi. Mtu fulani akakohoa. Mzee akamtafuta mkewe kwa macho, kushoto, kulia, upande ambako lingekuwa dirisha, na uso wake ukaanza kubadilika, ukaanza kuwa ule uso wa Jumapili ile.

Fundi aliuona. Akafungua mdomo.

"Nipokee..."

Jamani, sauti gani ile! Ilianzia juu mno, ikapasuka katikati, mpaka watoto wakageuka. Kinyozi mwenyewe alifumba macho. Lakini Fundi hakuwa na habari na watu. Alikuwa amegeuka upande upande, macho yake yako kwenye midomo ya baba yake, hapatoki neno kabla midomo ile haijawa tayari.

"Nipokee..." mzee akaupokea.

"...mlangoni..."

"...mlangoni..."

Kinyozi alifumbua macho. Alimtazama Fundi, akafuata anakotazama, akafika kwenye ule mdomo uliopinda. Kisha akanyoosha mkono polepole, akakizima kinanda chake, akaanza kuimba naye kwa mwendo ule ule wa mzee, akiwapungia kwaya zote tatu kwa kiganja: taratibu, taratibu.

"...na vumbi... la... safari."

Wote walitua pamoja. Mzee alitua nao, neno la mwisho juu ya neno la mwisho, hakubaki nyuma hata kidogo. Akainama akachukua udongo kwa ule mkono wake mzima, akauachia.

Watu walipoanza kutawanyika Kinyozi alipita mbele ya Fundi amekumbatia kinanda. Alisimama, akataka kusema jambo, akamtazama mzee, akaliacha. "Jumapili," alisema tu, "nitakuachia nafasi pale dirishani." Akaenda zake akifuta uso kwa mkono wa joho.

Fundi alimwongoza baba yake kuelekea barabarani. Walitembea polepole. Mzee alikuwa akiandaa maneno.

"Ume...anza... juu," alisema hatimaye.

"Ndiyo, baba."

"Juu... sana."

"Najua, baba. Nisamehe."

Walipiga hatua kadhaa. Mzee akasimama, akageuka kulitazama kaburi mara ya mwisho, machozi yakimtiririka upande mmoja tu wa uso.

"Mama yako," alisema, "alianza... chini. Alini...ngoja... akanipa... chini." Akamshika bintiye mkono, akaubana kwa nguvu. "Jumapili... na wewe... nipe chini."

Fundi alisimama pale pale njiani, amekodoa macho. Kisha akasema atajaribu, wakaendelea kwenda.